Daraja Limehama

Noella Lardinois alikuwa anamenya karoti za supu ya kanisa aliposikia maneno ambayo aliyeyasema hakujua yanamhusu nani.

"Orville hata kahawa hakumaliza leo," Marcella, mkewe Orville, alisema, huku akitenganisha kuku na mifupa. "Ufa wa ghubani umepanuka. Ilibidi walihamishe daraja, wamelipeleka kaskazini, kule kwenye mwamba. Amerudi ameloa mpaka magotini, ananiuliza mimi soksi zake ziko wapi, kana kwamba mimi ndiye ninayezivaa."

Wanawake wakacheka. Masufuria ya booyah yalikuwa yanatokota, nyama na kuku na mboga vyote pamoja, na jiko la kanisa lilikuwa na joto zuri. Noella naye akacheka kwa mazoea. Halafu kisu kikasimama mkononi mwake.

"Daraja lipi, Marcella?"

"Lipi tena? Kwani tunayo mangapi?"

Lilikuwa moja tu. Kila mwaka barafu ya ghuba hupasuka katikati, na kila mwaka wanaume wa gatini huburuta daraja lao la mbao na chuma wakalilaza juu ya ufa ili watu wavuke kwenda kuvua. Njia ya kwenda huko huwekewa alama za miti ya Krismasi ambayo watu wameshaitupa. Ukiona mti umesimama, uko njiani. Daraja likihamishwa, miti huhamishwa nalo.

Janelle, binti yake Noella, alikuwa ameondoka kabla hakujapambazuka. Alikuwa na wateja wawili, mume na mke kutoka Madison, amewakalisha kwenye sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, nyuma ya pikipiki yake ya magurudumu manne. Walivuka daraja likiwa mahali pake pa zamani.

Noella alitazama dirishani. Asubuhi makaburi yalikuwa yanaonekana mpaka ukutani. Sasa hata lango halikuonekana. Upepo ulikuwa umegeuka na kuanza kuizoa theluji ya chini na kuirusha juu, na nje kulikuwa kweupe kama mtu amepaka chokaa kwenye kioo.

Alichukua simu bila kunawa. Alifungua ramani ile ya familia, ile inayoonyesha kila mmoja alipo. Picha ya Janelle ilikuwa ndani ya nukta ndogo, anacheka, nywele zimemfunika jicho moja. Nukta ilikuwa mbali katikati ya ghuba, imetulia. Nyuma yake ulichorwa mstari mwembamba wa safari ya asubuhi.

Bado wako kwenye mashimo yao ya kuvulia, aliwaza. Afadhali.

Alipiga. Haikupokelewa. Akaandika: *Usifuate njia ya asubuhi. Daraja limehama.* Akaandika tena kwa herufi kubwa. Hakuna kilichorudi.

"Umekuwaje, Noella?" Marcella aliuliza. "Mbona umebadilika rangi?"

"Ngoja nimpigie Wendell."

*

Wendell alikuwa nyumbani, mguu juu ya kiti. Alikuwa amepasuliwa goti kabla ya Krismasi, na ndiyo maana msimu huu binti ndiye aliyekuwa anapeleka wateja barafuni. Alipokea simu huku redio ya jikoni ikiimba nyuma yake.

"Wendell, Janelle anajua kama daraja limehamishwa?"

"Nani kasema limehamishwa?"

"Marcella."

"Ah, Marcella." Alicheka. "Marcella akisikia mlango unagongwa anasema kanisa limeanguka. Mke wangu, mtoto ana mstari. Nimemwekea mwenyewe kwenye simu yake. Amepita pale leo asubuhi, simu imeandika kila mahali gurudumu lilipokanyaga. Akirudi anafuata nyayo zake mwenyewe. Hata akifumba macho anafika."

"Anafika wapi? Pale hakuna daraja!"

Redio iliendelea kuimba. Kisha ikazimwa.

"Wangelihamisha wangetangaza kwenye kundi," Wendell alisema.

"Kundi lipi? Si walikutoa?"

Mwezi Januari, Orville, ambaye ni binamu yake wa damu, alikuwa ameweka kwenye kundi la simu la wavuvi alama ya mahali ambapo Wendell huvua samaki weupe, mahali alipopatafuta miaka na kupaficha kama mtu anavyoficha fedha. Wendell alimwandikia *mwizi* mbele ya watu wote, na maneno mengine ambayo Noella asingeyatamka jikoni mwa kanisa. Jioni ile ile akaondolewa. Nyumbani alisema amejitoa mwenyewe.

"Mpigie," Noella alisema. "Labda wewe atakupokea. Mimi hanipokei, na ujumbe hajibu."

"Noella." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ujumbe wako hauoni."

"Hauoni kwa nini?"

"Ameuzima. Wako tu. Simu ameifunga kwenye usukani, anaangalia ramani. Kila ukimwandikia 'uko wapi, umekula, umevaa glavu', maneno yanatokea juu ya mstari, hauoni tena. Aliniomba nisikwambie. Hakutaka uumie."

Noella alisimama katikati ya jiko na aproni yake. Wenzake walijifanya hawasikii. Alikuwa ameiweka simu kwenye spika, na macho yake yalikuwa kwenye ramani, na pale kwenye ramani nukta ilitingishika. Ikasogea kidogo. Ikatulia. Ikasogea tena, na safari hii haikusimama. Ilikuwa imeukalia mstari wa asubuhi sawasawa, kama shanga kwenye uzi, inarudi nyumbani.

"Wendell, wameondoka."

"Mungu wangu. Nenda kwa Orville."

"Kwa Orville?"

"Nenda kwa Orville, Noella! Nenda sasa hivi!"

*

Marcella ndiye aliyeendesha gari. Alikuwa anaendesha kichwa kimetoka dirishani, maana kioo cha mbele kilikuwa hakionyeshi kitu.

Kibanda cha gatini kilijaa wanaume. Walikuwa wamevuka kurudi mapema walipoona upepo umegeuka, sasa wamelizunguka jiko la kuni, wananywa kahawa iliyochemka mpaka ikawa chungu. Noella aliingia na aproni, vidole vina rangi ya karoti.

"Jamani, leo booyah inaletwa mpaka huku!" mmoja alisema.

"Booyah gani? Huyo ni mama yake Janelle, amekuja kumhesabu mtoto."

"Safari hii amekuja na kamba. Anamfunga nguzoni kabisa."

Walicheka, si kwa ubaya. Msimu ule ule alikuwa ameshakuja hapo kumuulizia Janelle huku analia, na Janelle akakutwa kituo cha mafuta, anakula piza. Kicheko hicho alikuwa ameshakizoea. Alipita katikati yao mpaka alipokaa Orville, miguu karibu na jiko, soksi kavu.

"Shemeji," Orville alisema bila kuinuka. "Bwana mkubwa hajambo? Bado mimi ni mwizi?"

"Orville, Janelle yuko ng'ambo ya ufa. Hajui kama daraja limehama."

"Watu wote wametangaziwa."

"Sisi hatumo."

"Hammo kwa sababu mumeo alinitukana mbele za watu. Mama yangu mzazi yumo kwenye lile kundi, Noella. Mama yangu aliyasoma yale maneno."

"Najua."

"Mpaka leo hajaniomba msamaha."

"Nakuomba mimi."

"Wewe hukunitukana."

"Nakuomba hivyo hivyo. Ukitaka nipige magoti hapa mbele yao nitapiga. Lakini tazama hii kwanza."

Alimpa simu. Orville aliishika mbali na macho, kama watu wa umri wake wanavyofanya, akakunja uso. Aliitazama picha ya msichana anayecheka, akautazama ule uzi ambao picha ilikuwa inateleza juu yake. Mstari ulikwenda moja kwa moja mpaka mahali ambapo yeye mwenyewe, asubuhi ile, alikuwa amefunga minyororo na kuling'oa daraja.

Aliinuka.

"Nimelaza mti pale," alisema. Hakuwa anamwambia mtu hasa. "Ng'ambo ile, kabla sijavuta daraja. Mti umelala kukata njia. Mti ukilala maana yake njia imefungwa, hata mtoto anajua."

"Miti mingapi, Orville?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Mmoja."

"Mmoja?"

"Nilikuwa nimeloa, Marcella! Kila mtu ana tangazo! Niliwaza..." Noella aliona kwamba aliwaza kweli asubuhi ile. Aliona jina la Wendell lilimpitia kichwani akiwa ameshika simu, na akaliacha lipite.

Hakuna aliyecheka tena. Wanaume walikuwa wanavaa kofia, wanatafuta glavu, wanachukua kamba. Wote walikuwa wanajua mambo yalivyo pale nje. Anayeendesha kwa kuangalia kioo cha simu haangalii mbele, na leo hata angeangalia, mti uliolala angeuona akiwa ameshaukanyaga.

"Shemeji, kaa hapa," Orville alisema, akivaa buti zenye maji. "Usiiachie hiyo simu. Marcella, kaa kwenye redio ya mawasiliano. Nukta ikigeuka niambieni. Ikisimama niambieni."

Mashine zao za kuendea barafuni ziliunguruma nje, moja, nyingine, nyingine, na mara hazikusikika. Weupe ulizimeza.

*

Msomaji mwenye mtoto, hebu fikiri. Kama mtoto wako amepotea porini humwoni, unaweza kujidanganya kwamba amekaa chini ya mti anakungoja. Noella hakuwa na cha kujidanganyia. Alikuwa anamwona. Alikuwa anaona mwanawe anavyokwenda, taratibu, bila kukosea hata kidogo, na alikuwa anajua mwisho wa mstari kuna nini, na asingeweza hata kumpigia kelele.

"Simama," aliiambia simu. "Simama, mwanangu. Simu izime. Mafuta yaishe. Simama hapo hapo."

Marcella alikuwa amewapigia waokoaji. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu, akauliza kama wana hakika kuna mtu ameingia majini. Marcella akasema hawana hakika. Msichana akasema chombo cha barafu kinatoka, lakini hali ya hewa ni mbaya, wasitarajie upesi. Akauliza jina la Janelle linaandikwaje. Noella alimsikia Marcella akilitaja herufi kwa herufi, na kila herufi aliiona kama inachongwa kwenye jiwe.

Nukta ilikuwa imebakiza sehemu fupi, kama upana wa ukucha. Kisha nusu ya ukucha.

Kisha ikasimama.

"Imesimama," Noella alisema.

"Imesimama, Orville," Marcella alisema kwenye redio. "Pale pale. Imesimama."

Redio ilikoroma tu.

Mzee mmoja alikuwa amebaki kibandani, mkongwe wa kuvua asiyeweza tena kwenda haraka. "Si ndivyo ulivyoomba?" alisema kwa upole. "Umeomba asimame, amesimama. Ameuona mti."

Noella alikaza macho kwenye nukta. Alikuwa amefikiri jambo ambalo mzee hakulifikiri. Simu ikizama, ramani haiizamishi nukta. Inaiacha pale pale ilipokuwa mara ya mwisho, na picha inaendelea kucheka. Janelle aliyesimama mbele ya mti na Janelle aliye chini ya barafu, kwenye ramani ni yule yule.

Aligusa picha. Maandishi madogo yalisema mtandao umekatika.

Alikumbuka misumari ya kujiokolea, ile ya kuvaa shingoni ili mtu akizama ajivute nayo juu ya barafu. Alikuwa amemwona Janelle akiivaa? Aliona kamba nyekundu shingoni, au ilikuwa skafu? Alimtumia ujumbe asubuhi kumuuliza: *umevaa misumari?* Ujumbe huo nao ulikuwa umefungiwa pamoja na mingine. Akili yake ilishika kamba ile nyekundu ikawa haiachii. Kamba au skafu. Kamba au skafu. Alijishikiza kwenye meza.

"Kaa, mama," mzee alisema.

"Nikikaa sitainuka."

Simu ililia. Alikuwa Wendell. Noella aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza, kwa sababu, Mungu amsamehe, kwa dakika ile hakutaka kusikia sauti yake.

Kisha redio ikakohoa.

"... honi," Orville alikuwa anasema. Upepo ulikuwa unakula maneno. "Tunapiga honi. Tuko ukingoni upande wetu. Maji ni mapana, Marcella, mapana kuliko asubuhi. Sioni upande wa pili."

Honi ililia tena redioni.

"Ngoja. Nyamazeni nyie! Zimeni mashine!"

Noella alisikia kuni zikipasuka jikoni.

"Kuna mtu anaita," Orville alisema. "Sauti ya kike. Kuna mtu anatutukana, Marcella. Anauliza mpumbavu gani ameng'oa daraja."

Marcella aliweka kipaza sauti chini na kuanza kulia. Noella akakichukua.

"Wangapi, Orville? Uliza wangapi!"

"Watatu. Anasema watatu. Mmoja ameloa mguu. Tunatembea nao ukingoni, wao kule sisi huku, mpaka kwenye daraja. Chocheeni moto."

*

Janelle aliingia kibandani mdomo wa buluu, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Mama, mbona umevaa aproni?"

Halafu akaketi sakafuni.

Alisimulia vipande vipande, meno yakigongana. Alikuwa anautazama mstari. Mstari ulikuwa mzuri, ulikuwa umenyooka. Mbele hakuona kitu, kwa hiyo hakupatazama. Ghafla gurudumu la mbele likapanda kitu, matawi yakavunjika, pikipiki ikainama upande na simu ikachomoka kwenye usukani ikaruka. Alishuka na hasira, akafikiri kuna mlevi ameangusha mti njiani. Alipoinama kuuvuta ndipo alipoona kwamba nyuma ya matawi theluji inaishia, na baada ya theluji kuna weusi, na weusi unatikisika. Simu ilikuwa imekwenda humo. Mteja wa kiume alikuwa ameruka kutoka kwenye sleji kuja kumsaidia, barafu ya ukingoni ikakatika, mguu ukaingia mpaka pajani. Janelle na mke wa mteja ndio waliomvuta.

"Ulikuwa umevaa misumari?" Noella aliuliza.

"Mama, jamani."

"Nijibu."

"Ilikuwa kwenye begi."

Mke wa mteja alikuwa amekaa kando ya jiko, ameukumbatia mguu wa mumewe kama mtu anayemchua mtoto. "Tulifikiri anajua njia," alisema taratibu, hakumlenga mtu. "Alikuwa anatuonyesha kwenye simu. Tukasema, tazama, haiwezi kukosea."

Orville alikuwa mlangoni, barafu kwenye nyusi. Hakuingia mpaka Noella alipomsogezea kiti.

*

Nyumbani, Wendell alikuwa amesimama kwa mguu mmoja dirishani. Alimkumbatia bintiye muda mrefu, na alipomwachia, kama wanaume wengi walioogopa, alianza kubishana.

"Mstari haukuwa na kosa," alisema. "Nimeuangalia. Umepita pale pale mlipopita asubuhi. Hakuna hatua iliyokosewa."

"Ndiyo, baba," Janelle alisema. "Haukukosea. Ulinifikisha."

Wendell alijivuta mpaka kwenye kiti. Alikaa. Aliliangalia goti lake kama kitu cha mtu mwingine.

"Simu inajua ghuba," Noella alisema. Alikuwa anamwaga supu kwenye bakuli, supu ya watu wengine ambayo Marcella alikuwa amempa kwa nguvu. "Barafu haiijui. Barafu inakwenda inakotaka, haiiandikii simu. Na aliyekuwa anajua barafu iko wapi leo ni Orville, na wewe ulimtukana."

"Ameweka mahali pangu kwenye ramani ya watu wote."

"Samaki, Wendell. Mnagombania samaki."

Walikula mpaka supu ilipoisha. Kisha Wendell akaomba apewe simu ya mkewe, maana yake Orville asingeipokea, akaenda nayo chumbani akichechemea, akafunga mlango. Walimsikia akisema "binamu", halafu wakamsikia anaitikia tu kwa muda mrefu sana, kama mtu anayesomewa orodha ya makosa yake. Aliporudi masikio yalikuwa mekundu.

"Amenirudisha kundini," alisema.

Noella aliosha bakuli. Aliona hilo peke yake halimtoshi.

*

Jumamosi kulikuwa na jua. Wateja wapya walikuwa wanangoja gatini, wamevaa nguo nene mpya, na Janelle alikuwa amekopeshwa pikipiki kwa sababu yake ilikuwa bado inatengenezwa. Angekwenda. Noella alikuwa amelia, amesihi, amekasirika, na mwisho alielewa kwamba atakwenda, maana ndiyo kazi waliyo nayo.

Kwa hiyo naye alikwenda, mpaka gatini. Wanaume walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na kidude chake cha GPS au simu usukani, mistari inang'aa. Waliposogea kumpisha, hakuna aliyemtania. Hilo nalo lilimuumiza kidogo, jinsi walivyokuwa wanamheshimu kama mtu aliyefiwa.

"Shemeji," Orville alisema.

"Orville. Daraja liko wapi leo?"

"Kwa sauti kubwa namna hiyo? Nimeshatangaza alfajiri."

"Sijakuuliza umetangaza nini. Nimekuuliza liko wapi."

Mtu mmoja aliyekuwa ameshawasha mashine aliizima. Orville alivua glavu, akanyoosha mkono kuelekea ghubani, taratibu, ili wa nyuma pia waone.

"Unatoka hapa na miti mpaka kwenye kibanda chekundu. Hapo miti inapinda kaskazini, ipinde nayo. Usinyooke, hata kama simu inakwambia unyooke. Daraja liko chini ya mwamba. Ukikuta mti umelala, simama, geuka, rudi."

"Na upepo ukigeuka?"

"Ukigeuka usingoje samaki. Rudi."

Noella alimgeukia binti yake, aliyekuwa amekaa kwenye pikipiki, uso umemwiva kwa aibu mbele ya wateja, kamba nyekundu ikining'inia shingoni juu ya koti.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Watu wote wamesikia."

"Basi rudia nikusikie."

"Mama."

"Rudia. Unatoka hapa na nini?"

Janelle alitazama mbingu, akatazama wanaume, ambao walikuwa wanaangalia buti zao. Kisha akavua kofia ya chuma ili mama yake amsikie vizuri.

"Natoka hapa na miti," alianza.